Uzi Usio na Fundo

Biubwa karudi kutoka Unguja na uso mpya.
Kashuka bandarini Wete kajitanda mpaka puani,
anatembea kama kabeba trei ya mayai kichwani.
Nikamkaribisha. Akaitika kwa macho tu.
Kucheka hana ruhusa, wiki mbili:
asicheke, asitafune pweza,
asilalie ubavu, asipige mwayo wa kweli.
Daktari wa Mbweni kamwandikia yote kwenye karatasi,
mwisho kaigonga muhuri, utadhani hati ya kiwanja.

Nyuzi kumi na mbili, anasema.
Sita shavu hili, sita hili.
Sindano inaingia karibu na sikio,
ganzi imeshaufanya uso kuwa wa mtu mwengine,
uzi unapita chini ya ngozi, kimyakimya, mithili ya umbeya,
na una vijimiba, jicho haliwezi kuviona,
vinaidaka nyama na kuipandisha.
"Fundo anafunga wapi?"
Hakuna fundo.
"Basi hutolewa lini?"
Hautolewi. Unayeyuka wenyewe. Miezi sita, minane,
mwili unaula.

Mie nashona kofia mwaka wa thelathini na moja huu.
Kofia ya kiua, miezi minne kofia moja,
vitobo nimevihesabu mpaka usingizini.
Ile ya Makame Shoka kaivaa bwana harusi, kaivaa babu,
imefuliwa, imepigwa wanga, imefuliwa,
kitambaa kimechoka, uzi bado.
Uzi wangu ukiyeyuka, watu watanidai.
Nikamwambia: "Pesa ya karafuu, misimu miwili,
umenunulia mshono wa kwenda na maji?"

Akajibu bila kufungua meno:
"Na hina je? Weye hukupakwa? Ilikaa?"

Hapo alinipata.

Lakini pesa silo lililonikaa rohoni.
Bi Time binti Hamad tumembakia wawili tu,
na mie nimechukua sura ya baba, paji na kidevu.
Biubwa ndiye mama.
Alipotimia hamsini mashavu yakaanza kumshuka
vilevile, la kushoto kwanza,
na ule mstari wa puani hadi pembe ya mdomo
ukalegea mfano wa pindo.
Kila akija nikimtilia chai
nilikuwa namtilia mama.
Picha hatuna. Ile moja ya kitambulisho ililiwa na mchwa.
Picha ilikuwa hiyo, inayotembea,
inayolalamika chai haina sukari.

Sasa imekazwa.
Kapendeza, sikatai. Shavu limekaa juu, andazi limeumuka.
Namtazama namwona mgeni mwenye sauti ya dada yangu.
Sikumwambia.
Mtu utamwambiaje: uzee wako ulikuwa wangu?

Usiku umeme ukakatika.
Tulikuwa tumelala chali, sote wawili,
yeye kwa amri ya daktari, mie kwa kumwiga.
Akasema gizani, polepole, midomo haijafunguka sawa:
"Kila nikijitazama namwona zile siku zake za mwisho.
Weye ulikuwa Tanga. Mie ndiye niliyemgeuza,
niliyemfuta mate. Miaka kumi na moja
namuuguza tena kiooni.
Nimechoka, Raya."

Sikuwa na la kujibu. Nikamrekebishia mto.

Hiyo ilikuwa Mfunguo Mosi.
Rajabu kaja tena, kaketi kwenye kiti kile kile,
mwanga wa dirishani umempiga ubavuni
na shavu la kushoto limeanza.
Kidogo tu. Mtu wa nje asingeliona.
Mie kazi yangu ni kuona uzi ukilegea.
"Unatazama nini?"
"Hamna."
"Daktari anasema naweza kurudi. Nirudi?"

Nilikuwa nikitunga sindano. Ilinikataa mara tatu.
Nikamwambia, "Nenda."
Nikasema kweli, na nikaiona aibu ya furaha yangu
imekaa kitako katikati yetu.
Nikamtilia chai. Sukari vijiko vitatu.

"Mie sinywi vitatu," akasema.

Akaitazama kikombeni muda mrefu.
Akanywa.