Njia Isiyo na Jina

Nimeifunga simu kwenye usukani wa baiskeli
kwa kipande cha tyubu kuukuu,
nakanyaga kutoka Barabara ya Kumi na Mbili
hadi Mwanzange, na ndani ya kioo
mstari mwembamba unanifuata
kama uzi wa fundi anayeshona gizani.

Usiku nakaa na picha ya setilaiti.
Tanga nzima imelala chali.
Nachora paa baada ya paa: pembe nne, bonyeza, hifadhi.
Bati jipya hung'aa, makuti hujificha,
na mkungu wa jirani umeifunika nyumba ya Singano,
hivyo Singano, mbele ya dunia, hana nyumba bado.

Ramani hii ni ya wote, tuliambiwa siku ya mafunzo.
Mtu wa Urambo, mtu wa ng'ambo,
ataifungua, ataongeza, atafuta, bila kupiga hodi.
Bi Mwanashaha alicheka hadi akashika ubavu:
"Bila hodi? Basi waje na sukari yao."

Njia yetu nimeikuta imeshachorwa
na mkono usiowahi kufua tope lake.
Nikaigusa. Ikajibu:
*njia isiyo na jina.*

Isiyo na jina!
Kwa Hoza, wasema wanaoleta vitambaa,
ingawa Hoza kahamia Muheza na cherehani yake.
Mferejini, wasema walioiona mvua ile.
Watoto huiita Uwanja.
Mgambo huiita "kule."

Nami, usiku mama alipozidiwa,
dereva wa gari la wagonjwa aliniuliza mara tatu:
"Njia gani?"
Nikamwambia ile ya baada ya kinu cha kukoboa,
siyo ya kwanza, ile inayofuata, yenye kona.
Nikasikia injini ikipita.
Ikarudi. Ikapita.

Sasa kisanduku kinasubiri, kishale kinapepesa.
Jina la mama lingeenea vizuri, herufi sita tu.
Lakini sharti ni kuandika kilichopo.
Nikaandika *Kwa Hoza*, na kwenye majina mengine, *Mferejini*.
Chanzo cha taarifa? Picha, kipimo, nyaraka?
Nikaandika: *nimezaliwa hapo.*

Asubuhi, mtu nisiyemjua
amekwishaninyooshea mstari, kwa wema tu,
akidhani mkono wangu ulitetemeka.

Nimeirudisha kona yake.
Imepinda kweli.
Ndipo taa zilipogeukia, zikarudi mjini.