Wastani

Orodha imefika Kome kwenye simu, imetumwa na Mratibu,
picha ya karatasi iliyopigwa na mkono unaotetemeka:
mikoa kwanza, halafu wilaya, halafu sisi.
Nimeivuta kwa vidole viwili mpaka jina la shule likavimba,
likawa ukungu.
Chini kabisa, pale kidole gumba cha mpiga picha kilipoishia.

Niliwahi kusimamia mtihani kule walikoshika namba moja.
Madirisha ya vioo. Bomba uani. Kila mtoto na dawati lake.
Walimu watatu wa hisabati, watatu!
wakibishana juu ya chaki za rangi.
Sikuwaonea wivu.
Niseme kweli: niliwaonea.

Hapa niko mimi na Mwalimu Bwire,
na Bwire ana malaria tangu Jumanne.

Siku ya mtihani ziwa lilichafuka.
Boti ya bahasha ilichelewa saa mbili, askari akashuka ametapika,
bunduki begani, lakiri haijavunjwa.
Swali la kumi na nne: treni iliondoka Dodoma saa tatu na robo.
Nikawatazama. Wao wanaijua boti ya saa tatu
inayoondoka saa tano, ikijaa.
Minza alitafuna penseli. Alfajiri ile
alikuwa mwaloni, mitumbwi ikirudi na taa zake,
akimpimia mama yake dagaa:
ndoo saba, madeni mawili, mteja mmoja mbishi wa Kirumba,
hesabu yote kichwani, na hata mia haikupotea.

Wastani, wewe hukutapika botini.
Huna mama, huna mwalo,
huulizi nani alikula nini kabla ya swali la kwanza.
Na bado siwezi kukutupa,
maana bila wewe nani kule juu angejua kwamba tupo?
Mwaka juzi ulituletea madawati ishirini.
Mwaka jana, barua ya kujieleza.

Bwire alipopona aliichapisha ng'ambo, shilingi mia tano.
Tukaibandika mlangoni kwa uji wa muhogo.
Minza, aliyekwisha kumaliza, akaja kuisoma
na beseni kichwani; hakulitua.
Akasoma kwa midomo. Akarudi juu. Akashuka tena.
"Mwalimu, hapa wamekosea.
Wasichana thelathini na mmoja, wavulana ishirini na saba,
wao wameandika hamsini na tisa.
Wametugawanya na mtu ambaye hayupo."

Nikahesabu kwa vidole, mimi mwenye cheti cha ualimu.
Hamsini na nane.

Nikatafuta safu ya kuandikia hilo.
Kuna Nafasi, kuna Daraja,
kuna Kupanda au Kushuka, kwa mshale mwekundu.
Beseni lilichuruzika maji ya samaki kizingitini.

"Niwaandikie barua?"
"Andika," akasema, ameshageuka,
"na huyo wa hamsini na tisa mtafuteni.
Kama hana hata alama moja, ndiye anayetuvuta chini."