Skrini ya Tatu

Simu ya daktari Leelo iliingia saa nne usiku,
sauti imebanwa kama mguu ndani ya kiatu kipya:
"Picha hazishuki. Nina kifua cha mtoto hapa
na kimefunguka hadi ubavu wa tano tu."

Nikabeba begi, nikavuka daraja, theluji ikinisindikiza
hadi Mtaa wa Maharage, jirani na Mtaa wa Njegere,
kwenye kitongoji cha Tartu wanachokiita Mji wa Supu,
nyumba za mbao zimeegemeana kama walevi wenye adabu.

Mezani kwake skrini tatu, pana kama madirisha,
kompyuta mpakato imesukumwa pembeni,
na katikati yao doki, kitofali cheusi
kilichojitwika yote: picha, kipanya, kibodi, umeme.

Sijavua koti, ameshanisomea mashtaka.
Kampuni ya mtandao: wezi. Theluji juu ya paa.
Na Rasmus, kijana wa ghorofani, na michezo yake ya vita.
"Juzi nilimgongea dari kwa ufagio.
Jana nilimwandikia mama yake barua."

Sikujibu. Kazi yangu haina hukumu, ina kuchomoa.
Nikachomoa doki nzima, nikapima: mia na themanini.
Nikaipachika: sita.
Sita! Hata konokono angeona haya.

Nikabadili dereva, yule asiyeshika usukani.
Nikazima, nikawasha, dua ya kwanza ya kila fundi.
Tano nukta nane.

Basi nikaenda polepole, kama mtu anayechambua mchele.
Skrini ya kwanza peke yake: mia na sabini.
Ya pili ikaingia: mia na sitini na kitu.
Nikashika waya wa ya tatu,
mfupi, mwembamba, wa bei ya kutupa,
alionunua kwa haraka kwenye kituo cha mabasi,
nikauchomeka,
na namba ikaporomoka mbele ya macho yetu.

Nikauchomoa, ikapanda.
Nikauchomeka, ikashuka.
Leelo akakaa kitini taratibu.

Nikamwambia: waya huu umevaa nguo nyepesi mno.
Picha zinapita ndani yake zikipiga kelele
ambayo sikio halisikii, ila antena inaisikia,
na antena yako imo humu, kwenye ukingo wa kompyuta,
shibiri moja tu kutoka kwenye ghasia.
Ruta inaita kutoka ukumbini,
kompyuta inajibu: Nini? Rudia. Nini? Rudia,
usiku kucha.
Haijakosa njia. Imekosa utulivu.

Wahenga walishasema juu ya kikulacho na nguo;
doki hawakuiona.

Nikampa waya mnene kutoka begini,
kisha nikalaza kebo ya mtandao chini ya zulia,
ikapita nyuma ya tanuri la vigae,
ikaingia mgongoni mwa doki, kwenye tundu
lililokuwa likisubiri, na vumbi lake, tangu siku ya kununuliwa.
Mia tatu kasoro. Ndiyo yote anayolipia.

Kifua cha mtoto kikafunguka:
ubavu wa sita, wa saba, hadi chini,
na huko chini kulia wingu jeupe, dogo,
ambalo mimi sikuliona mpaka alipoweka kidole.
Akapiga simu hospitalini. Sentensi tatu. Akamaliza.

Juu yetu, hatua za Rasmus, kutoka dirishani hadi kitandani.
Leelo akautazama ufagio, bado umeegemea ukuta.
"Ile barua," akasema, "ilikuwa kurasa mbili."
Kwa hilo sikuwa na kifaa begini.

Nilipogeuka, nikiwa barabarani, nilimwona kupitia kioo
amesimama chini ya ngazi na sahani mkononi,
amefunika kitu kwa kitambaa,
mguu mmoja kwenye kidato cha kwanza.
Sikusubiri kuona.
Mfukoni ule waya mwembamba
ulikuwa bado una vuguvugu.