Kona Isiyo na Sababu

Toka jikoni kwangu niliona nguo za Halyna kambani,
nikajua siku anayofua mashuka.
Mita arobaini, ukiwa ndege.
Kwa barabara, kilomita nne na taa tatu,
maana aliyevichora vitongoji hivi
alikunja kila mtaa kama konokono,
akauacha ujitazame kitovu.

Watoto hawakungoja ruhusa.
Uziani kwa mzee Orest waling'oa ubao mmoja,
wakapitisha baiskeli kiubavu, gurudumu la mbele kwanza,
kama mtu anayemwingiza ndama zizini.
Jumapili akapigilia misumari.
Jumatano ubao ulikuwa chini.

Ndipo manispaa ikaleta ramani:
uzi wa kijani unaoshona Dunmore na Wexley.
Tulikaa ukumbi wa shule, kwenye viti vya watoto,
magoti yakigusa videvu.
Mmoja akasema wezi watakuja kwa baiskeli.
"Na televisheni wataibebea wapi?" akauliza Maëlle,
miaka kumi na mmoja,
akaambiwa akae.
Orest alisimama, kofia mkononi:
"Kuna mtofaa. Aliupanda Daria."
Akaketi.
Mti wenyewe umepinda,
haujawahi kujaza ndoo.

Injinia alikuja na futi yake Novemba,
asubuhi ya theluji ya kwanza.
Hakuikunjua.
Njia ilikuwa imekwisha chorwa:
mistari myembamba ya matairi, uzio hadi uzio,
na ilipoufikia mtofaa
yote, hata ule wa kitoto wenye magurudumu ya pembeni,
ilijipinda, ikauzunguka mbali,
ikarudi kwenye mwendo wake.

Orest alitoka na ndara, thelujini.
Alitazama hata chai ikapoa mkononi.
Akaingia ndani, akarudi na nyundo,
na safari hii aliigeuza upande wa kung'olea.

Mtofaa ulianguka miaka mitatu baadaye, kwa upepo.
Lami bado inapinda pale, pasipo kitu,
na wapita njia wageni humlaani injinia.

Mimi hupeleka supu ya bitiruti kwa Halyna,
sufuria kikapuni, mbele ya usukani.
Hufika ingali ya moto.
Kwenye ile kona humwagika kidogo,
nami sisemi kitu.