Nieleze Maumivu

Nilifika Dhanusha na begi la glavu
na barua yenye muhuri isemayo nimekuja kujitolea.
Kujitolea! Kana kwamba nilikuwa chombo kabatini,
nikajitoa mwenyewe, nikajiweka mezani.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi nilikabidhiwa beseni siku ile ile,
beseni la plastiki, jiwe la kusugulia,
kopo la mafuta ya haradali,
na miguu kumi na tisa ya watu kumi na wawili.

"Loweka nusu saa," alisema Jibachh, mfunga vidonda,
naye alipona mwaka wa mafuriko.
"Sugua, paka, tazama katikati ya vidole.
Palipo na vidole."
Akacheka. Sikujua kama nina ruhusa ya kucheka.

Juu ya ukoma nyumbani niliambiwa mengi.
Hakuna aliyeniambia kwamba ugonjwa wenyewe
hufa kwa vidonge vya mwaka mmoja,
na kinachobaki ni ganzi,
ganzi na majirani.

Phuleshwari Devi aliinua birika kwenye jiko la samadi
kwa viganja vitupu, akatumiminia chai,
glasi saba, tone lisimwagike,
huku akilalamikia bei ya vitunguu.
Harufu ndiyo iliyotuambia.
Akakitazama kiganja chake
kama mtu atazamavyo shati la mwenzake lililochanika.
"Lo," akasema. "Tena."

Wiki ya nne nikaungua mimi.
Mvuke tu, kwenye kifundo cha mkono.
Nikapiga yowe, nikaruka, nikatukana kwa Kinyiramba,
maana pale hapakuwa na wa kumwonea haya.
Wote wakaja kutazama. Si jeraha. Mimi.

Phuleshwari akanishika kwa vigutu vyake, akaniketisha.
"Nieleze," akasema. "Yalianzaje?
Yalikuja yote kwa mkupuo, au yalipiga hodi?
Mimi yaliniacha nikiwa na miaka kumi na mmoja.
Nakumbuka mwiba. Mmoja tu, wa mkunazi,
kisigino cha kushoto, mama akiutoa kwa sindano.
Baada ya ule, kimya. Nieleze."

Kimaithili changu kilikuwa cha sokoni:
chumvi, maji, kushoto, punguza bei.
Nikasema, moto.
Akasema, hilo nalijua.
Nikasema, ni kama kuitwa jina lako,
kwa sauti kubwa, na huwezi kutoitika.

Ramdulari aliyekuwa akipepeta mchele akaacha ungo.

"Na ukishaitika, sauti hunyamaza?"
"Polepole."
"Mimi hata mashemeji waliacha kuniita,"
akasema Phuleshwari, na uwanja mzima ukacheka,
na mara hii nilicheka nao,
mkono wangu ukiwa kwenye ndoo ya maji.

Kidole kimoja hakivunji chawa, hunena wahenga.
Hawakumwona huyu jioni ya Jumamosi,
mjukuu wa jirani kapakatwa magotini,
kitana kimefungwa kigutuni kwa mpira wa baiskeli,
akiwasaka, akiwaponda kwa kifundo
juu ya kipande cha bati,
na hesabu anaiweka, tena kwa sauti,
mtoto akiomba aibu imfiche.

Mwezi wa sita walinipa fomu ya kuagia.
*Umesaidia watu wangapi?*
Nikaandika kumi na wawili. Nikafuta.
Nikaandika miguu kumi na tisa.
Kisha nikaukumbuka ule wa Mzee Asharfi
uliokatwa Februari, kwa kidonda nilichokiona Jumatatu
nikakiandika Alhamisi.
Kumi na minane.
Sehemu ya maoni niliiacha wazi.

Glavu niliwaachia. Pakiti nne, hazijafunguliwa.
Phuleshwari alizigeuzageuza moja moja,
kila moja ina vidole vitano,
akacheka hadi akakohoa.