Herufi Ndogo Kuliko Ufuta

Saa mbili asubuhi, Cheyo, mlango wa bati uko wazi
na harufu ya spiriti imeshatutangulia ndani.
Luhende anasugua shaba kwa stili waya ya sufuria
mpaka aione pua yake,
kisha ananipa makapeni.
Chora, anasema. Usiinue mkono.

Nachora njia:
kutoka chanya hadi swichi,
kutoka swichi hadi mguu wa tatu wa chipu,
nakata kona kama reli zinavyoachana pale stesheni,
moja ya Mwanza, moja ya Kigoma,
na hakuna behewa linalouliza.

Tindikali ina rangi ya chai iliyosahaulika jikoni.
Tunalitikisa beseni polepole, yeye kule, mimi huku.
Shaba iliyo uchi inaliwa.
Shaba iliyovaa wino inabaki.
Dakika ishirini; halafu pamba, halafu spiriti,
na mistari yangu yote inaondoka na pamba
kwenda kwenye ndoo, myeusi, bila asante.
Kazi yake ilikuwa kuzuia tu.

Wino wa pili ni mweupe, na huo haufutiki.
Huo unapita kwenye hariri iliyokazwa kwenye fremu,
unasukumwa kwa mpira, mara moja;
ukirudia, herufi zinaota vivuli.
R1. R2. C4.
Nukta ya kuonyesha mguu wa kwanza.
Alama ya kujumlisha.
Alama ya kutoa.

Baba aliandika namba za mabehewa karakana ya reli.
Brashi ya inchi mbili, rangi nyeupe, ngazi.
Kazi yake aliisoma akiwa upande wa pili wa yadi.
Yangu naisoma kwa lenzi ya Kashindye, fundi saa,
aliyotuazima tangu Ramadhani na hajaidai.
Nilipompelekea baba bodi aliishika mbali, akaishika karibu,
akasema: Milembe, hii ataisoma nani?

Ataisoma anayeunga.
Hanijui. Hajui kama nililala au sikulala.
Anafuata alama.

Mwezi wa sita tulitengeneza bodi arobaini
za kupasha asali kule Sikonge,
mapipa yasigande kwenye kipupwe.
Shaba ilikuwa sawa. Njia zote zilifika.
Ila ule mstari mweupe wa dayodi,
milimita moja,
niliuweka kulia badala ya kushoto.

Wakaunga kama nilivyowaambia.
Hita ikawaka, ikasahau kuzima.
Simu iliingia saa tano usiku: mapipa matatu.
Luhende hakufoka. Alihesabu noti,
akazihesabu tena, akanipa za nauli.

Siku mbili nilikaa ghalani na wembe
na njiti ya kiberiti niliyoichonga ncha,
nakwangua mstari wa uongo, natia mwingine,
bodi baada ya bodi, wino ukiganda kwenye kucha.
Nyanzala, mwenye funguo za ghala,
alichota kikombe kutoka kwenye lile pipa jeusi.
Kunywa, akasema. Uijue.
Nikanywa.
Ilikuwa na moshi, na chini ya moshi
maua ya miombo bado yalikuwepo, kwa mbali,
na hilo ndilo lililonitoa machozi.

Sasa kabla bodi haijaingia kwenye oveni
naisoma kwa sauti, kama barua ya mtu mwingine.
Arewani, kushoto. Dayodi, kushoto. Kushoto.
Kisha kwa ncha ya pini naweka nukta nyeupe
kwenye kona isiyokaliwa na kifaa chochote.

Juzi Luhende aliiona.
Hii haipo kwenye mchoro, alisema. Ni ya nini?
Wino ulibaki, nikamjibu.
Akaiangalia kwa lenzi, muda mrefu kuliko nukta inavyohitaji,
akaiweka bodi kwenye trei pamoja na zingine.