Kwa Nyamizi, Anayehamia Wete

Orodha yako nimeisoma mara tatu,
mara ya tatu kwa miwani ya marehemu.
Friji, pasi, jiko la gesi,
feni, kapeti la zambarau,
na sanduku la vitabu vya fizikia
lisilobebeka na mtu mmoja.
Mwanangu, unahamia kisiwani
au unakuja kufungua duka?

Friji lete. Ila umeme wetu una tabia ya mke mwenza:
hutoka bila kuaga,
na ukirudi hurudi kwa kishindo, ukaua balbu.
Kapeti liache Tabora.
Masika hapa ukungu huota hata daftarini;
viatu vya ngozi uvivue Ijumaa,
Jumatatu vina ndevu.

Umeuliza maji.
Hutoka kabla ya alfajiri
na hayamngojei mtu amalize ndoto.
Ndoo ya buluu ni yako, nimeiandika jina
kwa rangi iliyobaki ya madirisha.
Herufi ya mwisho haikupata nafasi.
Usinune.

Umeuliza nyoka. Wapo, nao wana kwao.
Watakaokuamsha ni popo,
wanagombea shelisheli juu ya bati
kama warithi.

Umeuliza kanisa. Mimi njia hiyo sina,
nikamtuma Faki akaulize.
Kasema lipo, dogo, ibada saa tatu,
na wao wameuliza kama unaimba:
sauti ya pili haina watu.

Umeuliza kama ulete sweta.
Hapo chai ilinipalia.

Melini kaa katikati, usile kitu.
Mkondo wa Pemba haujali shahada ya mtu.
Ukishuka Mkoani usimpe mchukuzi mzigo
kabla hamjakubaliana bei.
Faki atakungoja na pikapu ya mjomba wake.
Anaendesha vizuri, anasimulia vibaya;
mwache asimulie.

Chumba kilikuwa cha Khatibu.
Yuko Maskati, mwaka wa tisa huu,
kila Idi ananiambia Idi ijayo.
Mashati yake manne nimeyatoa kabatini,
nikayarudisha,
nikayatoa.
Jana nimeyahamishia kwangu,
nikaosha rafu kwa sabuni ya mche.
Bado zinanukia karafuu,
na kidogo zinanukia yeye.
Ukifungua kabati, usiseme kitu.

Lipo swali hukulimaliza.
Nimeliona ukingoni mwa karatasi, umelikata kwa wino:
*Je, watu wa huko…*

Watu wa huku, juma la kwanza watakutolea macho.
Watauliza kodi unalipa ngapi,
mume yuko wapi,
na hicho unachokaanga ni samaki gani asiyenukia bahari.
Juma la pili utaletewa sahani imefunikwa kawa.
Ule.
Usiirudishe tupu,
hata ukitia ndimu mbili.

Mgeni wa siku ya tatu hupewa jembe.
Lako liko uani, mpini mpya,
nimelinunua kabla hujajibu kama unakuja.

Kama utanikosa nyumbani
ufunguo uko kwa Bikombo, mlango wa pili.
Kitasa hakina neno, mbao ndizo zimevimba kwa mvua.
Unyanyue mlango kidogo,
ndipo uusukume
kwa nyonga.

Mize, Utaani